Presha: kila aliye hai anayo

Mtu wa Tanga, Muheza au Pangani akisema "nina presha", wote huelewa kuwa anaumwa. Matumizi haya yanatudhuru. Presha, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na kila aliye hai anayo. Moyo ukijikaza hupanda, ukilegea hushuka. Ndiyo maana kipimo hutoa namba mbili, mfano 120 kwa 80, kwa milimita za zebaki. Ugonjwa ni presha kubaki juu, 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti.

Wapo watakaosema lugha ni ya wasemaji, na mradi wanaelewana basi. Ni kweli, wala sitaki neno lifutwe. Lakini anayedhani presha ni kitu cha kuja na kuondoka husubiri hadi ajisikie vibaya, ilhali presha ya juu mara nyingi haina dalili. Akijiona mzima husema "presha imekwisha", akaacha dawa, huku mishipa ya ubongo na figo ikizidi kuumia. Basi tuseme "presha ya juu", na tuulizane: "Presha yako ni ngapi?"