Ridhisha, vutia, nasa

Vitenzi hivi vitatu hukutana katika maelezo ya programu za simu, lakini maana zake hazilingani.

Vutia: kumfanya mtu apende kusogea karibu. Huhusu mwanzo wa matumizi. *Rangi za programu hii zinavutia.*

Nasa: kushika kwa mtego, gundi au ulimbo. Katika *kunasa sauti* hakuna lawama. Kitendwa kikiwa mtu, lawama huingia. *Vijana wamenaswa na simu.*

Ridhisha: kauli ya kutendesha ya *ridhi*, kumtimizia mtu haja yake hata akatosheka. Huhusu mwisho wa matumizi. *Huduma imewaridhisha wateja.*

Tofauti hiyo huonekana katika M-Pesa, huduma ambayo Vodacom iliianzisha Tanzania mwaka 2008. Mnunuzi wa viazi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, hupiga \*150\*00#, humtumia mkulima wa Mafinga, Iringa, malipo yake, kisha hurudisha simu mfukoni. Menyu haina picha wala rangi za kumvutia, na hakuna kilichomnasa. Ameridhika kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha muamala umeingia. Kesho akiwa na malipo mengine, atairudia huduma hiyo kwa hiari.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika *programu inayowanasa watumiaji* kwa nia ya kusifu, huwa ameikosoa. Sifa ni *programu inayowaridhisha watumiaji hata wakairudia*.