Ngitili za Usukuma

Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.6, lakini hazituambii waliopita pale walisaidianaje. Ngitili ya Bariadi yasema zaidi. Ni malisho yafungwayo wakati wa masika, yakafunguliwa kiangazi. Na mvunjaji alihukumiwa na dagashida, baraza la watu wote. Kumzuia ng'ombe wako leo kwa ajili ya kiangazi cha jirani: huo, kwa maoni yangu, ndio ustaarabu. Kisha misitu ikafyekwa ili kuangamiza mbung'o na kulima pamba, watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970, na ngitili nyingi zikatoweka. Mradi wa HASHI, ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986 (Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa huo), ulitangulia kwa vitalu vya miche, ndipo ukairudia desturi ya wazee. Miti ikachipuka kutoka mizizi iliyosalia ardhini.