Mbiu, Kengele na Daftari la Kijiji

Mwaka mmoja nililetewa karatasi ya kijiji kimoja cha Uingereza, nimfasirie mtu aliyekuwa na jamaa zake huko. Zilikuwa kurasa nne tu. Ndani yake mlikuwa na tangazo la mkutano wa halmashauri, nafasi ya mjumbe iliyoachwa wazi, malalamiko juu ya mtaro ulioziba, siku ya mnada wa kuchangia paa la ukumbi, na saa za ibada. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Neno la kwanza likanikwamisha hadi alasiri.

Waingereza huiita halmashauri hiyo kwa jina la parokia. Nikiandika "baraza la parokia", msomaji wangu wa mwambao atawaona mapadri wameketi wakihesabu sadaka. Nikiandika "halmashauri ya kijiji", nitakuwa nimeifukia historia nzima iliyolala ndani ya neno lile. Kwa karne nyingi kijiji cha Kiingereza kilijadili mambo ya dini na ya dunia katika kikao kimoja cha kanisa: nani atengeneze njia, maskini gani asaidiwe, makaburi yatunzwe vipi. Sheria ya mwaka 1894 ndiyo iliyoyatenga mambo hayo. Kijiji chenye watu 300 au zaidi kilipewa halmashauri ya kuchaguliwa, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Desemba mwaka ule ule. Wanawake waliotimiza masharti, wenye waume na wasio nao, waliruhusiwa kupiga kura na kuchaguliwa, ilhali bunge la nchi liliendelea kuwafungia mlango hadi mwaka 1918.

Mwaka huo wa 1894 haukunitoka kichwani, kwa sababu sisi pia tunao katika kumbukumbu zetu. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa ya Kalenga iliangukia mikononi mwa Wajerumani. Mkulima wa Kiingereza akijiandaa kumchagua jirani yake akae katika halmashauri, Nyanda za Juu Kusini zilikuwa zikivuliwa madaraka yao kwa mizinga. Hapo ndipo mawazo yangu yalipohama kutoka karatasi ile, yakapanda milima hadi Tandala.

Msafiri atokaye pwani hufika kwanza Makambako, mji wa njia panda, barabara ya Zambia na reli ya TAZARA zinapokutana. Hushika njia ya Njombe, kisha hugeuka magharibi kuelekea Makete, katika nchi ya Wakinga, juu ya milima iliyopewa jina la Livingstone. Huko ni baridi, ukungu, viazi mviringo, misindano na ulanzi. Tandala ni kata ya wilaya hiyo ya Makete, iliyomegwa kutoka wilaya ya Njombe mwaka 1979, na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa mpya wa Njombe.

Kabla ya mgeni yeyote, Ukinga ulikuwa na watawala wake walioitwa watwa, kila mmoja na baraza lake, na wahunzi ambao majembe yao ya chuma yalijulikana mbali. Makuhani wa Kikinga walishuka na majembe hayo hadi kwenye msitu mtakatifu wa Lubaga, katika nchi ya Wanyakyusa. Palikuwa na hukumu, palikuwa na matambiko, palikuwa na habari za kupashana. Hapakuwa na daftari.

Daftari lilikuja na kengele. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Berlin walipanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa wakajenga Ukinga, na Tandala ikawa miongoni mwa vituo vyao. Mmoja wao, Wolff, aliandika sarufi ya Kikinga iliyochapishwa Berlin mwaka 1905. Kengele ilileta saa, na pamoja na saa likaja neno: usharika. Ndilo jina ambalo Walutheri wa Tanzania huuita mkusanyiko wao wa waumini. Mpenzi wa lugha ataona jinsi mzizi mmoja wa Kiarabu ulivyotuzalia usharika wa kanisa na ushirika wa wakulima, na wazee wa vijiji vya milimani wameishi ndani ya yote mawili. Basi Tandala nayo, kama kijiji kile cha Uingereza, ilipata kanisa lililokuwa pia mahali pa kupata habari. Lakini haikupata sheria ya mwaka 1894.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika hawakuja na halmashauri zao za kuchaguliwa. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga sheria ya utawala wa wenyeji, ambayo ilimtambua chifu, ikamkabidhi kodi na mahakama, ikamweka chini ya macho ya mkuu wa wilaya. Afisa aliyelelewa katika kijiji chenye wajumbe wa kuchaguliwa alipofika Njombe alisimamia utaratibu ambao kwao usingekubaliwa hata kwa mkutano mmoja. Sisemi kwamba machifu wote walikuwa waovu, la. Nasema habari ya kijiji iligeuka mwelekeo: ilitoka juu ikishuka, na aliye chini kazi yake ilikuwa kuisikia. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wahenga. Hawakutuambia ni nani aliyeishika mbiu.

Uhuru uliigeuza tena habari hiyo, ila si kwa mara moja. Sheria iliyowapa machifu nguvu ilifutwa mwaka 1963. Zikaja kamati za maendeleo za vijiji, zikaja nyumba kumi kumi za TANU. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini. Katikati ya amri hiyo, sheria ya mwaka 1975 ikaandika jambo la ajabu: kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake. Kikao cha kusema kilizaliwa na tangazo la kunyamaza, na pengine ndiyo sababu hadi leo watu wengi hukaa mkutanoni kama waliokuja kusikiliza.

Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Kwa mujibu wake halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25, mwenyekiti huchaguliwa, na mkutano mkuu hukutana kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ikaongeza uzito: halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi ni batili.

Maneno hayo yana maana ya pekee kwa Makete. UKIMWI uliichukua wilaya hiyo mapema na kwa ukatili, ukaacha yatima katika nyumba nyingi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2022 na 2023, Njombe ndio uliokuwa mkoa wenye maambukizi makubwa kuliko yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Sasa mfikirie mjane wa huko mwenye watoto watatu, aliyeachiwa shamba la misindano. Misindano si mahindi. Huchukua miaka mingi kukomaa, na ikikomaa huwa ni ada ya shule na bati la nyumba. Shemeji yake anadai kwamba shamba ni la ukoo. Haki ya mama huyu haitaamuliwa kwanza na jaji wa mjini. Itategemea kama jambo lake lilisemwa mkutanoni, na kama lililosemwa liliandikwa.

Hapo ndipo mtu wa kazi yangu anapostuka. Katika mikutano ya milimani wazee, na hasa wanawake wazee, husema kwa Kikinga, lugha ya nyumbani. Daftari huandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi ni afisa mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, naye si lazima awe mzaliwa wa hapo. Kwa hiyo kila muhtasari wa mkutano ni tafsiri, na kila mtendaji ni mfasiri, ajue asijue. Mimi nikikosea neno katika shairi, hasara ni yangu na ya mshairi. Yeye akiandika "alipewa atumie" mahali pa "alipewa iwe yake", watoto watatu wamepoteza msitu.

Tusijidanganye kwamba uchaguzi pekee unatosha. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na mwaka 2019 kama 2024 chama tawala kilitwaa karibu viti vyote vya vijiji. Nasi wa visiwani tusiwacheke wa bara. Mwenyekiti wa kijiji cha Tandala walau sheria inasema achaguliwe. Sheha wa Unguja na Pemba ni mteule. Sheria ya mwaka 1998 iliukabidhi uteuzi wake kwa Mkuu wa Mkoa. Anayepitisha barua ya mtu ya kiwanja na anayeulizwa kama mtu ni mkazi, wenyeji hawakumpigia kura. Jina lake ni kongwe kuliko Mapinduzi, nasi tumelizoea kama tunavyoizoea kelele ya bahari.

Karatasi ile ya Uingereza niliimaliza. Niliandika "halmashauri ya kijiji", nikaongeza chini mistari miwili kueleza habari ya kanisa na mwaka 1894. Jambo moja dogo katika karatasi lilinikaa: tangazo la mkutano lazima libandikwe siku tatu kamili kabla, mahali ambapo kila mtu ataliona. Ni sharti la sheria yao. Halina fahari, lakini linampa mwenye kinyongo nafasi ya kujiandaa.

Kwa Tandala, na kwa kila kijiji ambacho kina lugha ya nyumbani na lugha ya daftari, ningeomba sharti jingine kama hilo. Kabla muhtasari haujatiwa sahihi, mtendaji ausome kwa sauti, kisha mtu mmoja ausome tena kwa Kikinga, ili mjane aliyeketi nyuma apate kusimama na kusema: hapana, sivyo nilivyosema.