Uuguzi kwa Mtu Mzima Anayebadili Kazi: Hoja Kutoka Zagayu

Zagayu, kata ya wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ni nchi ya pamba na mifugo. Mkulima au mwenye duka wa huko anayetaka kuwa muuguzi anakuta njia iliyochorwa kwa ajili ya kijana aliyemaliza shule juzi. Makala haya yanadai kwamba kinachomzuia ni umri wa cheti chake, wala si uwezo wake.

Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3, na mwombaji hutakiwa awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Sharti hilo ni la haki, kwani anayekokotoa dozi hana budi kuijua sayansi. Lakini shule za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, nyingi hazikuwa na maabara wala walimu wa sayansi. Hata mwaka 2014 nchi ilikuwa bado inahimizana kujenga maabara hizo. Basi matokeo ya mhitimu wa 2010 yanatueleza hali ya shule yake kabla ya kutueleza akili yake.

Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Je, ada? Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada za kipaumbele, za afya zikiwemo, ila mwongozo wake ulitaka wawe wamehitimu ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Wakati huohuo, matangazo ya ajira serikalini hupokea waombaji hadi miaka 45. Anayeanza masomo na miaka 38 huhitimu na 41, akabakiwa na miaka 19 ya utumishi kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Mwajiri anamwona anafaa; mkopeshaji anamwona amechelewa.

Wapo watakaohofia kwamba viwango vitashuka mlango ukifunguliwa kwa watu wazima. Hofu hiyo haina msingi: chini ya sheria ya 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalosajili na kutoa leseni, na mizani yake ni moja kwa wote. Zaidi ya hayo, mtu aliyejenga na kulea watoto Zagayu, anayemsikiliza mgonjwa kwa Kisukuma, ana sababu nyingi za kubaki kuliko mgeni anayesubiri uhamisho.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ukomo wa miaka 5 uondolewe kwa waombaji wa fani za afya. Pili, maabara za shule za kata zifunguliwe jioni kwa watu wazima wanaorudia sayansi. Tatu, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye mafunzo ya miezi 6, uwe ngazi ya kwanza ya kupandia uuguzi, na utumishi wa mhudumu uhesabiwe anapoomba chuo. Uingereza, tangu 2017, ina uanagenzi unaomwezesha mtu kulipwa mshahara huku akisomea shahada ya uuguzi. Kwa mtu mwenye familia ya kulisha, kipato wakati wa masomo ndicho kinachoamua kama ataanza safari hiyo au ataiacha.