Sikio Linalojibu

Mtoto amepakatwa na mama yake. Mbele yake mpimaji anamchezea kwa kipira, kisha anakificha. Nyuma, pembeni, mpimaji wa pili anagonga ukingo wa kikombe kwa kijiko, polepole mno, au anatikisa kayamba kadogo. Mtoto akigeuka, anasikia. Njia hiyo ilitokana na kazi ya mume na mke, Irene na Alexander Ewing wa Manchester, iliyochapishwa mwaka 1944, na wauguzi wa Uingereza waliitumia kwa zaidi ya nusu karne.

Kasoro zake zilijulikana mapema. Kiziwi naye hugeuka akiona kivuli au akinusa manukato. Tena ni lazima shingo iwe imekaza, basi mtoto alingojewa hadi miezi saba hivi. Huko Denver, Marekani, Marion Downs hakutaka kungoja. Katika miaka ya 1960 alipiga sauti kali karibu na vichanga waliolala, wasaidizi wakitazama kama kope zinapepesa. Huyu akisema zimepepesa, yule hukana. Downs, kwa uungwana usio wa kawaida kwa mtafiti, ndiye aliyehimiza iundwe kamati ya kitaifa mwaka 1969, na kamati hiyo haikuipendekeza njia yake itumike kwa watoto wote.

Jibu lilitoka kwa wanafizikia. Mwaka 1948, Thomas Gold wa Cambridge, aliyekuwa ameshughulikia rada wakati wa vita, alidai kwamba sikio haliwezi kuwa kali vile bila nguvu yake lenyewe, kwa kuwa majimaji ya sikio la ndani yangezima mitetemo. Na kama lina nguvu, alisema, huenda likatoa sauti. Hakusikilizwa. Bingwa wa wakati huo alikuwa Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa vipimo alivyofanya hasa kwenye masikio ya maiti. Vilikuwa vipimo vya ustadi mkubwa, lakini sikio la maiti halina tena nguvu ya kuongeza chochote.

Mwaka 1977, David Kemp, naye mwanafizikia, alipachika spika ndogo na maikrofoni ndani ya tundu la sikio, akaliziba, akapiga mlio mfupi. Mwangwi wa kawaida wa tundu hufifia mara moja. Lakini milisekunde kama 10 baadaye maikrofoni ilinasa sauti nyingine, hafifu sana, iliyotoka ndani. Masikio ya viziwi hayakuirudisha. Alichapisha matokeo mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 William Brownell akaonyesha chanzo chake: seli za nywele za safu ya nje, ambazo hujikunja na kujinyoosha zikichochewa na umeme.

Sasa mtoto hakuhitaji kugeuka wala kupepesa. Angeweza kupimwa usingizini, siku ya pili ya maisha yake. Na haraka hiyo ilikuwa na maana: mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado walichapisha utafiti wa watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Waliogunduliwa kabla ya miezi sita na kuhudumiwa mapema walikuwa na lugha bora kwa mbali kuliko waliochelewa. Uingereza ilikamilisha upimaji wa vichanga wote mwaka 2006.

Kipimo cha Kemp, hata hivyo, hudanganyika. Kinauliza seli za nje tu. Wako watoto ambao seli hizo ni nzima, mwangwi unarudi vizuri, ila ujumbe hauvuki kwenda kwenye neva. Baadhi yao wana hitilafu kwenye jeni iitwayo OTOF. Wengi walipita upimaji, wazazi wakaambiwa yote ni salama, hadi pale walipopimwa kwa elektrodi za kichwani zinazonasa mawimbi ya neva.

Januari 2024 madaktari wa Shanghai waliripoti kwamba walikuwa wamewadunga watoto sita wa aina hiyo jeni nzima ndani ya sikio. Watano walianza kusikia.