Siri, Stara na Jina la Kiungo: Kitabu cha Usalama wa Mwili kwa Mtoto wa Digodigo

Mwalimu wa darasa la kwanza anapowaonya watoto wasikubali kuguswa "sehemu za siri", huamini amewalinda. Lakini siri, kwa mtoto wa miaka sita, ni jambo lisilosemwa. Mama akimnong'oneza "hii ni siri", mtoto hufunga mdomo na kujiona mwema kwa kuufunga. Anayemnajisi mtoto naye humwambia vivyo hivyo. Onyo la shule na agizo la mhalifu yanakutana kwenye neno moja, na mtoto mtiifu hana namna ya kujua lipi ni lipi. Ninachodai hapa ni kwamba usalama wa mwili ni suala la lugha kwanza, ujasiri baadaye, na kwamba mahali kama Digodigo panalionyesha jambo hili vizuri kuliko Arusha mjini.

Digodigo ni kata ya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, katika nchi ya Watemi, ambao majirani na vitabu vingi huwaita Wasonjo. Ni wakulima wa mifereji, wamezungukwa na wafugaji wa Kimaasai, na Kitemi chao ni lugha ya Kibantu iliyobaki kama kisiwa ndani ya Kimaa. Mtoto hukipata Kitemi akiwa bado mgongoni kwa mama. Kiswahili hukutana nacho kwa uzito wake shuleni, ambako tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia elimu ya msingi. Kwa hiyo onyo la mwalimu linamfikia kwa lugha ya pili, tena kwa tafsida ya lugha hiyo ya pili.

Uzito wa jambo lenyewe haubishaniwi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu iliyonishika zaidi ni nyingine: kati ya waliofanyiwa, ni kama nusu tu ya wasichana, na kama theluthi ya wavulana, waliowahi kumwambia mtu yeyote. Tumezoea kuuita ukimya huo woga. Woga upo, lakini mtu hawezi kusimulia kisichokuwa na jina kinywani mwake.

Fuata safari ya neno la mtoto mmoja. Anamwambia bibi yake kwa Kitemi. Bibi anamweleza mama kwa mafumbo, maana si jambo la kutamkwa mbele ya mkwe. Mama anafika kwa mwenyekiti wa kijiji na kusema kwa Kiswahili kwamba mtoto "ameharibiwa", kama vile kilichoharibika ni mtoto. Dawati la jinsia na watoto la polisi linaandika "kuingiliwa", kisha mganga anajaza fomu ya PF3, aghalabu kwa Kiingereza. Shauri likifika kortini, mtoto anatakiwa kurudisha maneno yale mwanzo kabisa, kwa mdomo wake, mbele ya watu asiowajua.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kuhangaika na swali hilihili la maneno gani yanatosha. Katika rufaa moja ya mwaka 2006 ilisisitiza kuwa haitoshi shahidi kusema kwa jumla kwamba alibakwa. Ushahidi uonyeshe kuingiliwa, hata kama ni kidogo. Katika rufaa nyingine, ya mwaka 2013, iliona kuwa maneno ya wazi hayawezi kudaiwa kwa kila mtu: yaangaliwe malezi, utamaduni, imani ya dini, umri, na hata ni nani wanaosikiliza. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016 nayo yakamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Naipongeza busara hiyo, ila haimfikii mtoto mapema. Msemo wa "alinifanyia tabia mbaya" hakimu anaweza kuuelewa, kwa kuwa ana shauri zima mbele yake. Mama anayepepeta mahindi hana shauri. Tabia mbaya ni pia kulamba sukari ya wageni, na huenda akamchapa mtoto kwanza.

Ninachopendekeza ni kitabu cha usalama wa mwili cha lugha mbili. Huko Hawaii vipo vitabu vya watoto vya Kihawaii na Kiingereza, na ni rahisi kutamani kuviiga. Lakini Kihawaii kilifukuzwa madarasani kwa sheria ya 1896, kikawa lugha rasmi ya jimbo pamoja na Kiingereza mwaka 1978, na shule za awali za Pūnana Leo zikaanza kukirudisha kwa watoto wadogo kuanzia 1984. Watoto wengi kule huanza na Kiingereza, na Kihawaii ndicho wanachorudishiwa. Digodigo ni kinyume: Kitemi ni lugha ya utumbo na homa, ya kuogeshwa na kubembelezwa, na Kiswahili ni lugha ya kiranja na afisa mtendaji. Kwa hiyo katika kitabu cha Digodigo Kitemi kikae juu, kwa herufi kubwa, kimpe mtoto neno la kumwambia bibi. Kiswahili kikae chini yake, na kiseme uume, uke na makalio bila kuzungukazunguka, kimpe neno la kumwambia polisi na hakimu. Wala wazo hili si geni kwa sera. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilihimiza lugha za jamii ziandikwe na kuhifadhiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuichukulia kwa uzito panapohusu mtoto mdogo.

Maneno ya Kitemi yenyewe hayana nafasi katika makala hii. Ni mali ya kina bibi wa Digodigo, na wao ndio wa kuamua lipi linatamkika mbele ya mtoto bila kumwaibisha. Sisemi hivi kwa adabu tu. Katika jamii nyingi za Kibantu, mzazi haongei na mtoto wake habari za mwili, ila babu na bibi wana ruhusa ya utani. Pwani kazi hiyo walipewa somo na kungwi, wanaomfunda kijana, nao huja mtoto akishabalehe, yaani miaka kumi baada ya hatari kuanza. Bibi yupo tangu siku ya kwanza. Hata hivyo utani nao una shimo lake: babu anayemwita mjukuu "mke wangu" anafurahisha ukumbi mzima, na mtoto hujifunza kuwa mzee akivuka mpaka, kazi yake ni kucheka. Kitabu kikimkabidhi bibi neno, kimkabidhi pia ukomo wa mzaha.

Sentensi inayonipa shida zaidi kuitafsiri ni ile inayodhaniwa kuwa nyepesi: mwili wako ni wako. Robert Gray, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu Wasonjo, alieleza alama ya ntemi, kovu wanalochanjwa watoto karibu na bega la kushoto, ambalo kwalo Khambageu, mungu wao, angewatambua watu wake siku ya mwisho. Mwili wa namna hiyo una wenyewe wengi. Ukimwambia mtoto kuwa ni wake peke yake, umemwambia jambo ambalo kovu lake linalikana. Nami siwezi kuishia kwenye kuutetea ukoo, kwa sababu ukoo huohuo unaoweka alama umewahi pia kukeketa, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilikataza kwa walio chini ya miaka 18.

Njia ninayoiona inapita kwenye neno stara. Siri hufichwa, stara hutunzwa, na anayeivunja ndiye mwenye aibu. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba viungo hivi ni vya stara, kwamba wa kumwogesha na wa kumtibu wanajulikana kwa majina, na kwamba mwingine yeyote akivigusa amelikosea kovu la wote, kwa hiyo habari hiyo ni ya kupelekwa nyumbani usiku huohuo. Hapo ukoo unageuzwa kuwa shahidi wa mtoto. Ukurasa huo ningeuchora mferejini, watoto wakioga mahali wanapooga kila siku, na bibi amekaa ukingoni. Bibi huyo pengine hajui kusoma, kwa hiyo mjukuu ndiye atakayemsomea mstari wa Kitemi kwa sauti, na bibi atamsahihisha pale tulipokosea.