Filamu Zilizolala Barafuni

Tarehe 11 Julai 1897, Waswidi watatu waliruka kwa puto lililoitwa Örnen, yaani Tai, kutoka kisiwa cha Danskøya katika funguvisiwa la Svalbard, wakiazimia kuifikia Ncha ya Kaskazini. Kiongozi wao alikuwa mhandisi Salomon August Andrée. Wenzake ni Knut Frænkel na mpigapicha wa msafara, Nils Strindberg, kijana wa miaka 24. Siku tatu baadaye puto likatua juu ya barafu.

Strindberg alikuwa na kamera ya kilo 7 iliyokusudiwa kazi ya ramani. Kazi hiyo ilibatilika pamoja na puto, kamera ikabaki kuwa shahidi wa maafa. Alipiga picha ya puto limelala ubavu, wenzake wawili wamesimama wakilitazama. Ipo pia ya dubu mweupe waliyemuua. Kwa muda wa karibu miezi mitatu walisafiri juu ya barafu inayoelea, ambayo mara nyingine iliwarudisha nyuma kuliko walivyosonga mbele, hata wakafika kisiwa cha Kvitøya mwanzoni mwa Oktoba. Huko walifia. Yumkini Strindberg ndiye aliyetangulia, kwani mwili wake ulikutwa umezikwa baina ya majabali. Wenzake hawakuwa na wa kuwazika.

Mabaki yao yaligunduliwa tarehe 6 Agosti 1930 na watu wa meli ya Kinorwei, Bratvaag. Miongoni mwa vitu vilivyookotwa kisiwani mwaka huo zilikuwamo filamu zilizokwisha kupigwa lakini hazijasafishwa.

Mwanga unapozigusa chumvi za fedha zilizomo katika utando wa gelatini, huacha sura fiche isiyoonekana kwa jicho. Dawa ndiyo huigeuza ikawa fedha nyeusi. Muda ukizidi, sura hiyo hufifia, na chembe zisizopata kuguswa na mwanga nazo huanza kuitika dawa, filamu nzima ikagubikwa na ukungu. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo (watu wa pwani waliosahau filamu sandukuni wanaujua), na baridi huuchelewesha. Ndiyo maana wapendao leo kutumia filamu zilizopitwa na wakati huzitafuta zilizowekwa katika friji, huzipa mwanga zaidi ya kipimo cha pakiti, na wengine hutia bromidi ya potasiamu katika dawa ili kuuzuia ukungu. Wao lakini wakikosea hununua nyingine. John Hertzberg, wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, hakuwa na nafasi hiyo. Kila kipande alichokitia katika dawa kilikuwa cha pekee duniani, nacho kilikuwa kimelala miaka 33 katika baridi na majimaji.

Kati ya picha zipatazo 240, aliokoa 93. Zina michirizi na mabaka, na mtazamaji asiyejua huyadhania kuwa ni tufani ya theluji. Sivyo. Watu na puto ni wa mwaka 1897. Mabaka ni ya miaka iliyofuata, wakati mpigapicha na waliopigwa walipokuwa wamekwisha kufa. Kila picha ina tarehe mbili, na anayeing'arisha kwa kompyuta huifuta moja. Sababu ya vifo vyao imebishaniwa tangu 1930, na picha hizo haziitaji.